Ng'ambo ya Mama

Kwa kaka yangu Obonyo,

Pokea salamu kutoka hapa Seme, nyumbani kwenu, ambako mvua ilituzungusha wiki nzima na sasa imekuja yote kwa mkupuo mmoja, hata njia ya kisimani haipitiki. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Agneta na mtoto wetu Sheryl, na kwamba ile baridi yenu ya kugandisha kope za macho haijaanza. Sisi huku hatujambo. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikisimama ubaoni kwa muda mrefu. Mama naye ni mzima wa mwili. Anakula vizuri, analala, na bado anagombana na kuku kama ulivyomwacha. Kuhusu mwili wake usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Najua utashangaa kuletewa barua ya karatasi siku hizi. Anakuletea Lornah, binti wa jirani yetu Mzee Obiero, ambaye anakuja huko kusomea uuguzi. Nilitaka pia akubebee omena, dagaa wetu wa ziwani, nikawafunga kwa mifuko mitatu, lakini amesikia kwamba kwenye viwanja vya ndege kuna mbwa wa kunusa mizigo, basi akakataa katakata. Kwa hiyo utapata barua kavu. Sikutaka kukuambia haya kwa simu kwa sababu ungenikatiza katikati, na mimi nikisikia sauti yako ningeanza tena kudanganya. Wala usinicheke kwa kukuandikia Kiswahili cha ubaoni. Nilijaribu kuanza kwa Kijaluo nikashindwa, maana kila neno lilinijia kwa sauti ya Mama, na karatasi ikalowa kabla sijafika mstari wa pili.

Nakumbuka vizuri ulichoniuliza. Ulisema kwenye ule ujumbe wa sauti kwamba umechoka kungoja uamuzi wa makaratasi yako ya kukaa huko, na kwamba unajua wazi ukitoka huko kabla ya uamuzi kesi yako imekufa, na mlango umefungwa nyuma yako, nawe ndiye tegemeo la Agneta na mtoto. Hata hivyo ukasema uko tayari kuja Desemba. Ulitaka nikujibu jambo moja tu: je, Mama atakujua? Ulisema akikujua hata kwa siku moja, utaacha kila kitu na kupanda ndege. Tangu hapo nimekuzungusha. Mara mtandao mbaya, mara Mama amelala, mara koo linamwuma. Leo nakujibu, lakini niache nianzie kule jambo lilikoanzia, la sivyo utanilaani kabla hujafika mwisho.

Unaikumbuka siku uliyoondoka? Tulijaa kwenye uwanja wa ndege wa Kisumu kana kwamba ni harusi, Mama akiwa na sare yake ya kanisa na wewe ukitokwa na jasho ndani ya lile koti la kuazima. Watu walituuliza unaenda wapi, nasi tukawajibu: loka. Ndilo neno tulilo nalo. Aliyevuka ziwa akaenda Kendu Bay yuko loka, na aliyevuka dunia akaenda Kanada yuko loka. Hata Kiswahili changu ninachojivunia hakikunisaidia, kwa sababu ng'ambo nayo ni ya mto, ya ziwa na ya bahari. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Mama mwenyewe alitembea kijiji kizima akisema mwanawe yuko loka, na watu wakampa kiti.

Miaka ya mwanzo alijua vizuri. Ndege zinazoshuka Kisumu hupita juu ya boma letu, na kila ikipita moja aliacha alichoshika, akaweka kiganja juu ya macho na kuniuliza kama ni yako. Nilimcheka. Siku moja nilichukua tufe la dunia la shule, lile ambalo Afrika yake imebonyea, nikamwonyesha kwa uzi. Nilidhani uzi utakwenda magharibi moja kwa moja, kumbe ulipanda juu, ukapita Sudani na jangwa, ukapita Ulaya, ukagusa theluji ya huko juu kabisa kabla ya kushuka Edmonton. Zaidi ya kilomita elfu kumi na tatu, nikamwambia, na hiyo ni kwa ndege wa mabawa asiyechoka. Ndege ya abiria inazunguka zaidi. Nikamweleza kwamba ulianza kwa kwenda Nairobi, ambako kwa njia ya kwako ni kurudi nyuma. Mama alistaajabu sana. Alisema hajawahi kuona safari inayoanza kwa mtu kugeuzia kisogo anakokwenda, kisha akasema wewe una jina la nzige, na nzige hawaulizwi njia. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Sheryl alipotuma kwenye simu ile picha ya ramani yenye mstari uliopinda, Mama aliitazama siku nyingi. Alitaka kujua kwa nini wameupinda. Alisema kama ni yeye angekuja kwa mstari ulionyooka.

Kusahau kulianza polepole. Alitia chumvi mara mbili kwenye samaki, nami nikamtania kwamba anataka kuniua nirithiwe. Akaanza kuniita kwa majina ya watu waliokufa. Nilimpeleka hospitali ya Kombewa, na daktari akanieleza kwa upole kwamba ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa ya kurudisha kilichokwenda, na kwamba kazi yangu ni kutomsumbua. Vitu vikaanza kumtoka. Yalitoka majina ya wajukuu, zikatoka nyimbo za kanisani, kisha siku moja ndege ikapita chini kabisa, mabati yakatetemeka, na Mama hakuinua kichwa. Ndipo nilipojua kwamba Kanada imemtoka. Nililia siku ile, Obonyo, nililia jikoni nikijifanya ni moshi.

Lakini neno halikumtoka. Alijua bado kwamba ana mwana, anaitwa Obonyo, na yuko loka. Sasa wewe niambie, kwa mwanamke aliyezaliwa na kuolewa kwenye ufuo huu, loka ni wapi? Aliinua macho tu. Ng'ambo ile pale, milima ya upande wa Kendu inaonekana waziwazi asubuhi baada ya mvua, na usiku hata taa zao unaziona. Akawa anashangaa kwa nini mtu anayekaa karibu hivyo haji kuwasalimu watu wa kwao.

Akawa akimaliza uji anashuka ufuoni. Aliwauliza wenye maboti kama wamemwona Obonyo, kijana mrefu mwenye mabega. Mwanzoni walicheka, baadaye wakazoea, wakawa wanamjibu kwa heshima kwamba wakikutana naye watamfikishia. Mimi ndiye niliyekuwa mbaya. Mimi mwalimu ilibidi nisahihishe. Kila siku nilimweleza Kanada, nikamletea tufe, nikamvutia uzi, na kila siku alisikia kwa mara ya kwanza kwamba mwanawe amekwenda mbali asikoweza kufika. Alilia kila mara kama siku ile ya uwanja wa ndege. Siku nyingine aliniambia kwamba ninakuonea wivu, ndiyo maana nimekusukumia mbali. Nami nilimjibu vibaya, sitaki kukuandikia nilichosema.

Kisha kuna siku nilitoka shuleni nikakuta nyumba wazi. Nilimpata ufuoni, maji yamemfika kiunoni, gauni linaelea, mkoba wake ameuweka kichwani ili usilowe. Alikuwa anatembea kuja kwako. Watu wawili walikuwa wameingia majini wakimbembeleza arudi, naye aliwaambia waziwazi kwamba hawezi kurudi kwa sababu amekwisha kufika karibu. Ndiyo siku niliyorudisha tufe shuleni.

Likizo ya Aprili ilipofika nikaamua kumvusha. Nilijiona nina akili sana. Niliwaza tutapanda boti ya injini, tutafika Kendu, atatembea sokoni, hatamwona Obonyo yeyote, atachoka, tutarudi, na jambo litakuwa limeisha. Alivaa sare ya kanisa. Njia nzima alikuwa ameshika ubao wa boti kwa mikono miwili, macho mbele, na mimi nilikuwa namwomba Mungu Mama asifurahi sana.

Unajua kule boti haifiki nchi kavu. Inasimama kwenye maji ya magotini, na vijana wanaingia kubeba abiria hadi mchangani. Wewe ulikuwa unakataa kubebwa, unakunja suruali na kuloa yote. Aliyembeba Mama anaitwa Enos Naswa, Mluhya kutoka Port Victoria, mtu wa makamo yako, mwenye mabega mapana kama mlango. Alimwinua kwa adabu, akamlaza mikononi, na walipofika katikati ya maji Mama akaweka kiganja kwenye shavu lake. Akamwangalia. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu uondoke, "Obonyo, nyathina, mwanangu. Kumbe huku loka wanakulisha vizuri."

Enos alisimama hapohapo. Alinitazama mimi niliyekuwa bado botini. Nilifungua kinywa niseme, naapa nilikifungua, lakini yeye alitangulia. Alimjibu kwamba ndiyo, ni yeye, na kwamba alikuwa anamngoja. Akambeba mpaka mchangani, akamweka chini, na hakuchukua nauli ya kubeba. Baadaye nilimvuta kando nikamwuliza kwa ukali ni mchezo gani anatuchezea. Aliangalia chini. Alisema, "Mwalimu, nisamehe. Mama yangu alikufa huko kwetu nikiwa kazini hapa, nikafika nikapata mchanga wa kaburi tu. Sasa mama wa mtu akikuita hivyo, utamwambiaje hapana?"

Tulikwenda mkahawani tukaagiza samaki. Mama hakula. Alimchambulia Enos miiba, kipande baada ya kipande, jitu zima lenye ndevu, naye akala kila alichopewa huku machozi yakimdondoka kwenye ugali. Kijaluo chake ni kibovu, kimejaa Kiluhya, na Mama alimhurumia sana. Aliniambia loka imemharibu mtoto ulimi, lakini akikaa nyumbani kidogo utanyooka.

Kabla hatujaondoka Mama aliomba maji. Aliyatia kinywani, akasimama, akampulizia Enos kifuani kidogo kidogo, vile wazazi wetu wanavyobariki. Aliomba kila kazi ya mikono yako ishike. Aliomba mlango utakaoubishia hodi ufunguliwe. Akamtaja mke wako, na akamtaja Sheryl, Sheryl ambaye jina lake lilikuwa halijatoka kinywani mwake karibu mwaka mzima. Ile ilikuwa baraka yako, kaka. Ilikuwa yako neno kwa neno, nami nilikuwa nimekaa pale nimeshika mkoba nikiangalia inavyompata mtu mwingine.

Tangu siku ile Mama hajaingia tena majini. Analala usiku kucha. Enos huvuka Jumamosi fulani fulani akiwa na samaki, mbuta mmoja au kamongo, anarekebisha kitu kilichoharibika, anakaa na Mama, kisha anaondoka na boti ya mwisho. Mara ya kwanza alipokuja nilimwambia asirudi tena. Wiki mbili zilipita bila yeye, Mama akaanza tena kuangalia ziwa, na mimi nikampigia simu mwenyewe kumwomba aje. Hilo ndilo ninaloliungama kwako. La kwanza lilitokea lenyewe majini, lakini simu ile niliipiga mimi, nikiwa na akili zangu timamu.

Sasa nije kwenye ile Jumapili. Ulipiga video, na mimi nilikuwa nje nikianua nguo. Mama alishika simu akaibonyeza bila kujua. Nilipoingia nilikuta uso wako umejaa kwenye kioo, unamwita Mama, unamwambia, "Mama, an Obonyo, ni mimi." Naye alikuwa ameishika simu mbali na mwili, amekunja uso. Kisha ikakatika. Nilikutumia ujumbe kwamba bando ziliisha. Hazikuisha. Niliikata mimi, kwa sababu Mama alikuwa amegeuka kunieleza, na wewe ulikuwa bado upo hapo kwenye kioo, na niliona anachotaka kusema. Alisema kwamba kuna mkora anajiita Obonyo, na kwamba nimwambie Obonyo wetu akija Jumamosi ahadhari na watu wanaotumia jina lake.

Basi jibu la swali lako ni hilo. Hatakujua, kaka. Ningeweza kukuandikia kwamba labda, kwamba akikushika mkono, kwamba damu ni nzito. Nimekwisha kujaribu kujiambia hayo. Lakini ana mwana wake tayari, amembariki na kumlisha, na ukiingia mlangoni Desemba ukiwa na sanduku lako na kulia kwako, utakuwa mgeni anayemtisha. Usidhani pia kwamba nimebaki na kitu kizuri ninachokuficha. Mimi nilisahauliwa kabla yako. Ananiita Mwalimu. Jioni hunishukuru kwa kumpangisha chumba, na ameniuliza mara kadhaa kama wazazi wangu wako hai.

Sijui nikwambie uje au usije. Nikifikiria kesi yako, na mtoto ambaye hajui nyumba nyingine isipokuwa hiyo ya baridi, ninataka kukupigia magoti ubaki. Nikifikiria Mama akiondoka bila wewe kumshika, ninataka kukutumia nauli leo. Nina hasira na wewe kwa kwenda, nina hasira na wakubwa wa makaratasi, na Jumamosi nyingine nina hasira hata na Enos anapocheka na Mama kwa ile sauti yake nene, kisha naona aibu na kumwongezea chai. Kilomita zile elfu kumi na tatu nilikuwa nazisomesha kwa uzi na kuona nimezielewa. Wewe amua, nami sitakulaumu kwa lolote utakaloamua. Ukija, nitakupokea Kisumu mwenyewe, na njiani tutapanga tukuingize nyumbani kwa jina gani.

Nisalimie sana wifi Agneta, umwambie kitenge alichotuma kimenikaa vizuri ingawa fundi alikula nusu yake. Mbusu Sheryl, mwambie bibi yake alimtaja kwa jina na kumwombea, kwa sababu hilo ni kweli tupu. Mzee Obiero anakusalimu, na kwaya nzima, na Caren wa dukani ambaye bado anauliza kama uliolewa au ulioa.

Mama hajatuma salamu kwako. Kwake yeye ulikuwa hapa Jumamosi, ukala ugali, ukafunga bawaba ya mlango wa jikoni, ukaaga. Lakini juzi tulipokuwa tunachagua maharagwe aliacha kazi ghafla akaniuliza habari za yule mtu wa kwenye simu. Nilimwuliza yupi. Akasema, yule mkora aliyekuwa analia. Alisema amemfikiria, na haoni kama ni mkora, kwa sababu mkora halii namna ile. Akanituma ujumbe nikufikishie, na nimemwahidi nitakufikishia kama alivyousema: "Mwambie yule kijana aache kuwapigia watu simu. Ana mama yake mahali. Mwambie arudi akamwone, angali anamkumbuka."

Ni mimi dadako akupendaye,
Mwalimu